Fimbo ya Gehazi

Katika 2 Wafalme sura ya 4 kuna mtoto aliyelalamikia kichwa shambani kwa babaye, na adhuhuri akafia mapajani mwa mamaye. Elisha alimtanguliza Gehazi na fimbo, aiweke usoni pa mtoto. Gehazi akatii, mtoto asiitike. Ikabidi nabii aje mwenyewe, afunge mlango, aombe, kisha ajilaze juu ya mtoto mpaka mwili ukapata joto.

Fimbo hiyo naikumbuka kila mara mtu anapoanguka ibadani hapa Mtopanga. Tunamzunguka. Mmoja anampepea kwa leso, mwingine anammwagia maji, watatu wanakemea pepo. Akikoroma tunashukuru kuwa anapumua, kumbe huenda moyo umesimama na mkoromo ule ni wa kukata roho. Ubongo ukikosa damu, dakika 4 hivi tu huanza kuharibika. Na kutoka hapa hadi hospitali ya Coast General kwa tuktuk, na foleni ya daraja la Nyali, mwajua wenyewe.

Basi mwite, mtikise bega. Asipoitika wala kupumua kama kawaida, mmoja apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, mwingine apige magoti kando yake. Mlaze chali sakafuni. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vinyooke. Bonyeza kwa nguvu kifua kizame sentimita 5 hadi 6, achia kiinuke, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwenzako apokee. Mbavu zikilia, endelea. Akiwa dada au mama, nawasihi, msione haya, haya imeua.

Vijana wa mpira mwamkumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka White Hart Lane, London, tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Andrew Deaner, daktari wa moyo aliyekuja kutazama mechi tu, alitoka jukwaani kusaidia. Walibonyeza kifua bila kuchoka, wakamshtua kwa umeme mara nyingi, akapona. Wengi walimwombea siku ile, nami naamini Mungu alisikia, akaitumia mikono iliyokuwa pale kifuani.

Mashine ya kushtua moyo hatuna kanisani. Jumapili baada ya ibada tutatandika mikeka, na muuguzi wetu wa kwaya atatufundisha. Kila nyumba ilete mto mgumu wa kujifunzia kubonyeza.