Akili ni nywele, lakini kisogoni anakusuka nani?

Methali hii hutumika kumaliza maneno zaidi kuliko kuyaanzisha. Watu wawili wanabishana kwenye kituo cha pikipiki pale Nyawera, katika komini ya Ibanda hapa Bukavu. Mmoja anaona anazidiwa, anainua mkono na kusema: "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Kwa matumizi hayo maana yake ni: niache na zangu, nami nakuacha na zako. Abiria anapatikana, pikipiki inawashwa, na kila mmoja anaondoka na kile alichokuja nacho.

Naona methali imeonewa. Ndani yake mna hoja nzito kuhusu nani anastahili kuitwa mwanafalsafa, na sisi tumeigeuza kuwa namna ya adabu ya kukimbia mjadala.

Tuanze na mfano wenyewe. Wahenga wangeweza kusema akili ni mali, na kweli methali hiyo nayo ipo. Lakini mali wapo walionayo na wapo wasionayo. Hapa walichagua nywele. Nywele huota kwa tajiri wa mtaa wa Muhumba na kwa anayebeba magunia bandarini, kwa mwenye diploma na kwa asiyewahi kushika kalamu, bila kuombwa wala kulipiwa. Hakuna anayepewa nywele na mwalimu. (Wenye upara watanisamehe. Nilimsikia mzee mmoja akijitetea kwamba zake hazikupotea, zimeingia ndani ndiko zinakofanyia kazi.)

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alifungua kitabu chake kuhusu njia ya kuiongoza akili kwa wazo lililo jirani kabisa na hili. Alisema uwezo wa kupambanua kweli na uongo umegawiwa watu kwa usawa kuliko kitu kingine chochote, na kwa kejeli akatoa ushahidi: hata watu wasioridhika na chochote hawalalamiki kwamba wamepunjwa akili. Papo hapo akaweka sharti, kwamba kuwa na akili nzuri hakutoshi, kazi ni kuitumia vizuri. Sharti hilo methali yetu hailitamki. Ina njia yake ya kulidai, nitaifikia.

Kabla ya hapo, angalia methali inampa nani hizo akili. Inasema kila mtu. Haisemi kila kabila, wala kila ukoo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini wasomi wa Afrika waliligombania kwa miongo kadhaa, na ugomvi wenyewe ulianzia katika nchi yetu hii.

Mwaka 1945, Placide Tempels, mmisionari wa Kifransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi Katanga miongoni mwa Waluba, alitoa mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la ujasiri. Wakoloni wengi walikuwa wakisema Mwafrika hana fikra, ana desturi tu. Tempels akawajibu kwamba anayo falsafa, tena yenye mpangilio, iliyojengwa juu ya nguvu ya uhai. Watu wengi walimshukuru, na nadhani walikuwa na haki ya kumshukuru. Lakini humohumo aliandika kwamba Wabantu wenyewe wasitarajiwe kuieleza falsafa yao kwa utaratibu, na kwamba kuwaelezea ni kazi ya Wazungu. Kwa lugha ya methali, alikubali kwamba tuna nywele, kisha kitana akakiweka mfukoni mwake. Tena nywele zenyewe alizihesabu kuwa za kundi zima: Wabantu wote wanafikiri hivi, Wabantu wote wanaamini vile, wala hakuna hata mmoja anayemkatalia jirani yake.

Paulin Hountondji wa Benin, akiandika miaka ya 1970, alikataa kabisa. Kwake hakuna falsafa inayoelea juu ya kabila zima na kufikiriwa na watu wote pamoja bila wao kujua. Falsafa ni kazi ya mtu anayejitokeza kwa jina lake, anatoa hoja, anaiandika, na wenzake wanaihoji. Valentin Mudimbe, mtoto wa Likasi, alikwenda mbele zaidi katika kitabu chake cha 1988, akionyesha jinsi Afrika hiyo ya vitabuni ilivyoumbwa kwa macho na madaftari ya wageni. Mimi nasimama upande wao, ila pale Hountondji alipodai maandishi nasita. Ukidai maandishi umewafungia nje nusu ya watu wa mtaa wangu, na pamoja nao umemfungia Socrates, ambaye hakuacha hata ukurasa mmoja.

Aliyelikabili hilo moja kwa moja ni Henry Odera Oruka, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikwenda vijijini Kenya na wenzake, wakakaa na wazee, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko wa upande wa Wajaluo, wakawauliza kuhusu Mungu, kifo, usawa wa mwanamume na mwanamke, na haki. Matunda ya kazi hiyo yalitoka katika kitabu mwaka 1990. Aliwagawa wenye hekima katika makundi mawili. Wa kwanza anazijua mila na methali zote za watu wake. Muulize jambo lolote, atakupa walichosema wahenga. Ukimuuliza wahenga walijuaje, anakasirika au anarudia methali ileile kwa sauti kubwa zaidi. Wa pili anayajua yote hayo pia, ila anaweza kusema: hapa wazee wetu walikosea, na sababu yangu ni hii. Huyo wa pili Oruka alimwita mwanafalsafa, awe amesoma au hakusoma.

Kigezo hicho kinauma pande zote mbili. Kinamfungulia mlango mama wa sokoni asiyejua kusoma, na wakati huohuo kinamfungia msomi anayekariri. Kila mwaka vijana wetu wanaomaliza sekondari huandika insha ya Kifaransa kwa ajili ya egzetat, mtihani wa taifa. Wapo wanaoingia chumbani na mizigo ya nukuu walizozihifadhi, Pascal huku, Rousseau kule, tayari kubandikwa kwenye mada yoyote itakayotoka. Siwalaumu, mtihani ni mtihani. Lakini kijana huyo na mzee anayejibu kila kitu kwa methali wamekaa benchi moja. Wote wawili wamevaa nywele za bandia.

Sasa lile sharti ambalo methali haikulitamka. Nywele huota zenyewe, lakini hazijisuki. Jaribu kujisuka kisogoni bila kioo wala mtu wa pili uone utakachopata. Wahenga walilijua hili, wakaliweka katika methali ya pili ambayo kwa maoni yangu haifai kutenganishwa na ya kwanza: kinyozi hajinyoi. Wengine huongeza kwamba akijinyoa hujikata. Huyo ndiye fundi wa nywele, mwenye mashine na wembe, na bado kichwa chake hukikabidhi kwa mwenzake. Ukizisoma methali hizi mbili pamoja, ile ya kwanza haiwezi tena kufunga mjadala. Kila mtu ana akili zake, ndiyo. Na kwa kuwa ni zake, kuna upande wa kichwa chake asiouona. Upande huo huonwa na aliyesimama nyuma yake, ambaye mara nyingi mwenye kichwa hakumchagua.

Mfano mkubwa tunao ndani ya Ibanda yenyewe, huko Panzi. Hospitali ya Panzi ilianza mwaka 1999 kwa shabaha ya kuwasaidia kina mama wajifungue salama. Daktari Denis Mukwege amesimulia mara nyingi kwamba mgonjwa wake wa kwanza pale hakuja kujifungua. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya. Daktari angeweza kushona jeraha hilo, kisha la pili, kisha la elfu, akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mukwege aliendelea kushona, lakini akaanza pia kuuliza majeraha hayo yanatoka wapi, yanamfaidi nani, na kwa nini dunia imeyazoea. Mwaka 2012 alisema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake hapa Bukavu. Mfanyakazi wake aliyejaribu kumwokoa akauawa. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka 2018. Wengi humwita shujaa, nami sibishi. Ila mimi ningeanza na sifa nyingine: alikataa kuzoea. Na swali hakulitoa kichwani mwake peke yake. Liliingia kwa mlango wa hospitali, limebebwa na mgonjwa.

Mtu atasema hayo ni makubwa, sisi wa kawaida tutaipata wapi falsafa? Basi tuingie saluni.

Nilimsindikiza binti wa dada yangu kusukwa, kwenye kibanda kimoja kandokando ya barabara ya Essence. Ndani mna viti vitatu vya plastiki, kioo chenye ufa, meshi zimening'inizwa kwenye msumari, na upande wa pili kijana anayenyoa wanaume kwa mashine. Umeme ulikuwa umekatika wakati mteja wake amenyolewa nusu ya kichwa. Mtu wa nusu kichwa hawezi kwenda popote, kwa hiyo alibaki kusikiliza pamoja nasi.

Mama aliyekuwa akisukwa alileta kesi ya likelemba yao. Ni wanawake 10, kila mmoja anatoa dola 5 kwa wiki, na kila wiki mmoja wao anachukua dola 50. Jumamosi ile ilikuwa zamu yake, na alikwisha kupatana na wavuvi wa sambaza. Mwenzake akamwomba wabadilishane zamu, kwa sababu mtoto amelazwa.

"Zamu ni zamu," akasema mmoja. "Ukianza kubadilisha, nani atatoa tena kwa imani?"

"Mtoto mgonjwa hangojaki zamu, yaya."

Wakavutana hivyo, kila mmoja na methali yake: ahadi ni deni, leo kwangu kesho kwako. Mwisho mmoja akaitupa ile yetu, kwamba akili ni nywele, afanye anavyoona mwenyewe. Kimya kikaingia, kama kawaida yake.

Msusi ndiye aliyekivunja, bila kuinua macho kutoka kichwani mwa mteja. "Huyu mama wa mtoto, ni ule anayechelewaka kutoa?"

Ndiyo, ni yeye.

"Na kama ingekuwa ni ule anayetoaka wa kwanza, mungekataa?"

Hakuna aliyejibu haraka. Msusi alikuwa ameonyesha kwamba waliokuwa wakiitetea kanuni huenda walikuwa wakimtetea mtu, au wakimkomoa mtu, huku wakilitumia jina la kanuni. Wanafalsafa hulipa karo miaka mingi ili wajifunze kufanya jambo hilo moja: kubadilisha kitu kimoja katika kesi na kuacha vingine vyote vilevile, ili uone hukumu yako ilikuwa imeegemea nini. Yeye alilifanya huku vidole vikisuka.

Mama wa zamu akasema, taratibu, kwamba kweli, kama angekuwa fulani angekubali siku ileile. Basi shida haikuwa zamu. Lakini aliyetetea zamu hakuwa mjinga, naye akarudi na nguvu mpya: sawa, leo mtoto mgonjwa, kesho nyumba ya kulipia, keshokutwa matanga, tutasimama wapi? Hilo nalo ni swali la kweli. Aristotle alilishughulikia katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, kwamba sheria husema kwa ujumla wakati maisha huja na mambo mojamoja, na mtu wa haki ni yule anayejua pa kuilegeza bila kuivunja. Pale kibandani walilifikia kwa dola 50.

Najua wapo watakaosema huo ni umbea wa saluni. Umbea ulikuwepo, tena mwingi, na sehemu yake siiandiki hapa. Tofauti naiona katika jambo moja: mbea anataka kujua fulani amefanya nini na anatosheka hapo. Swali la msusi halikumhusu fulani tena, liliwahusu waliokuwa wakimhukumu, na mmoja wao alibadili mawazo mbele za watu. Kwangu hicho ni kipimo kizuri kuliko diploma.

Walikubaliana mama wa zamu achukue nusu ya pesa za zamu yake, nusu iende hospitalini, na nusu hiyo ilipwe zamu ya mwenzake itakapofika. Mwenye nusu kichwa akapendekeza kanuni hiyo iandikwe kwenye daftari la likelemba kabla ya mzunguko mpya: dharura ni nini, na nani anaamua kwamba ni dharura. Wote wakaona ni neno la busara, mpaka mmoja alipouliza kama minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto wa sekondari ni dharura. Mwingine akamjibu haiwezi kuwa dharura kitu kinachojulikana kitakuja kila Septemba, na hapo mabishano yakaanza upya, makali kuliko ya kwanza.