Kumwuliza Aliyekata Tamaa

Ndugu zetu Waislamu, huko Nairobi, katika mtaa wa Shauri Moyo uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya waliobomolewa nyumba zao Pangani, tunao jamaa wengi, na kwao limetujia suala hili: Je, yafaa tabibu amwulize mgonjwa wazi wazi kama anawaza kujiua? Wako wasemao kuwa kuuliza ni kumwonyesha Shetani njia.

Twajibu: Kujiua ni haramu, hapana khilafu, aya ya 29 ya Suratun-Nisaa yatosha. Lakini uharamu wa tendo si hoja ya kumnyamazia anayeliwaza. Matabibu wamelichungua jambo hili wakaona kuwa kuuliza hakumtii mtu fikira hiyo. Wengi hupata faraja kwa kuwa wamepata wa kumwambia. Tena wameona kuwa karatasi ya kuhesabia alama haiwezi kubainisha nani atajidhuru na nani hatajidhuru. Kwa hivyo tabibu mwema huketi akasikiliza, akauliza kama mtu ameshaazimia, kwa kitu gani, na nani yu naye nyumbani. Kisha hupatana na jamaa zake waondoe dawa na sumu (nayo sumu ya panya haikosekani sokoni), na humfuatia siku za mwanzo baada ya kutoka hospitali, maana hizo ndizo za hatari kubwa.

Zamani mgonjwa wa Kenya alikuwa na sababu ya kuficha, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimtia hatarini kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilikibatilisha kwa kukhalifu katiba. Lakini aibu tuliyoiweka sisi haibatilishwi na jaji. Wako hata wanaokataa kumswalia maiti wa namna hii! Ni kweli Mtume (s.a.w.) hakumswalia aliyejiua kwa mishale, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, walakin wanazuoni wengi, na Imamu Shafii miongoni mwao, wamesema huswaliwa. Na katika kitabu hicho hicho mna habari ya sahibu wa Tufayl bin Amr, aliyehama naye kwenda Madina, akashindwa kustahimili maradhi, akajikata vifundo vya vidole hata akafa: Mtume aliiombea mikono yake maghufira.

Basi twawaomba maimamu wa Shauri Moyo na Pumwani, na wa huku pwani pia: akiwajia mtu wa hali hii, msianze kwa kumtajia moto. Mwulizeni, kaeni naye, na mfuatane naye kwa tabibu siku hiyo hiyo.