Dinari Mbili za Msamaria

Msamaria mwema twamjua sote. Twamsifu kwa kuwa alisimama njiani, akayafunga majeraha ya mtu yule, akampandisha juu ya mnyama wake. Lakini habari yake haiishii njiani. Alimfikisha kwenye nyumba ya wageni, na ndani yake alikuwamo mtu wa kumtunza. Kesho yake akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Pasipo mtunzaji yule na fedha zile, huruma yote ya njiani ingalipotea bure.

Sasa tumfikirie mama wa Kasoli, kata ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Uchungu ukimshika usiku wa mvua, Hospitali ya Bugando kule Mwanza ni kama haipo. Tumaini lake ni zahanati ya jirani. Serikali ililitambua jambo hilo: Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya. Mahali pengi nchini wananchi waliitika vema, wakabeba mawe, wakafyatua matofali, wakainua kuta.

Kuta zikainuka upesi kuliko wakunga walivyopatikana. Jengo hujengwa mara moja, na siku ya kulifungua huwa na ngoma na hotuba. Dawa na mishahara hulipiwa kila mwezi, wala hakuna azipigiaye ngoma. Mkunga kijana akikuta kijijini hapana nyumba ya kulala wala maji, ataomba uhamisho, nasi tutamlaumu kwamba hana wito. Hata mwenye wito hulala!

Basi kabla ya kuongeza chumba kingine cha zahanati, ijengwe nyumba ya mkunga. Na pamba inapouzwa, baba wa jamaa atenge kwanza mchango wa bima. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka: fedha ndogo siku ya mauzo, kubwa mno ghala likiwa tupu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Lakini mwenye bima akiambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, mwaka wa pili hatoi tena. Kwa hiyo kamati ya zahanati na isome hesabu ya dawa mbele ya mkutano wa kijiji, hata mwezi ule ambao rafu zimebaki tupu.