Dirii Hii ni ya Nani?

Ndugu msomaji, naanza na swali kabla ya kisa. Kitu kilichoanzishwa na wengi, kisha mtu mmoja akakiboresha kwa miaka, ni cha nani?

Kikundi chetu cha maigizo kilianza bila senti mfukoni. Tukaamua kuigiza Makbeth, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Samuel Mushi ikachapishwa mwaka 1968. Mimi nikapewa kuwa Makbeth mwenyewe, mfalme wa Uskoti wa karne ya 11. Sasa mfalme wa Uskoti anavaa nini? Nani ajue! Tukatoboa gunia matundu matatu, likawa vazi. Ngao ilikuwa mfuniko wa pipa. Upanga ulikuwa ubao tuliouzungushia karatasi za fedha za pakiti za sigara. Nilipoingia jukwaani watu walicheka mpaka basi, na ule haukuwa mchezo wa kuchekesha.

Kicheko kile kiliniuma. Nikaanza kusoma. Kumbe askari wa enzi ile walivaa dirii ya pete za chuma, kila pete imepitishwa kwenye nyingine nne. Chini yake walivaa vazi nene la kitambaa cha matabaka, maana pete huzuia makali ya upanga lakini hazizuii kishindo chake. Chapeo ilichongoka juu, na ulimi wa chuma ukashuka kulinda pua. Upanga nao haukuwa mzigo kama sinema zinavyotudanganya. Mwingi ulikuwa na kilo moja hadi moja na nusu tu.

Mwaka wa kwanza nilifuma dirii kwa kamba ya katani, nikaipaka rangi ya fedha. Kwa mbali bomba. Kwa karibu, kikapu. Mwaka wa pili nikashona mablanketi ya mtumba tabaka tatu. Mwaka wa tatu fundi mmoja wa Gerezani akanigongea chapeo ya bati, akanifundisha kuzungusha waya kwenye nondo, kuukata pete pete, kisha kuziunganisha kwa koleo mbili. Miezi saba nilikesha, vidole vikaota sugu. Waya ulinunuliwa kwa viingilio vya maonyesho yetu. Kumbuka hilo.

Siku tatu kabla ya onyesho malaria ikanilaza. Dogo mmoja wa kikundi, aliyeijua nafasi yangu neno kwa neno, akaja nyumbani.

"Kaka, pole na homa. Wamenituma nichukue dirii."

Ilikuwa kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda nilichokilalia. Nikamjibu, "Bado haijakamilika, mdogo wangu. Pete za begani zinaachia."

Uongo mtupu. Hakubisha. Akaingia jukwaani na lile gunia letu. Waliokwenda waliniambia kwamba safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa nini nilidanganya? Nilijitetea kwa jasho langu. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu cha asili kisicho na mwenyewe, kitu hicho huwa chake. Hoja tamu, lakini mimi niliikata nusu. Locke aliweka na sharti: wengine wabakiwe na cha kutosha, na kizuri vilevile. Tena waya wangu sikuuokota porini. Jasho lilikuwa langu kweli, ila nililimwaga juu ya mali ya watu.

Wapo watakaosema: bila mtu mmoja mwenye uchu, kitu hakiendelei, mali ya wote hukosa wa kuipaka mafuta. Ni kweli, na siwabezi. Kikundi kizima kililala, nikakesha mimi. Sidhani kukesha kule hakunipi chochote. Kunanipa sauti ya kusema dirii itunzwe vipi isipate kutu, na pengine haki ya kutajwa. Haki ya kuificha hakunipi.

Nikitafakari zaidi, naona kosa lilitangulia ile homa. Mwanzoni nilijiuliza, "Watazamaji wataamini?" Baadaye nikawa najiuliza, "Inanikaa?" Kila pete niliipima kwenye kifua changu, mpaka hakuna mwingine aliyeweza kupenya. Na tamthilia yenyewe inarudiarudia picha ya mavazi: ufalme wa kuiba ni kama nguo isiyomkaa mwizi. Miaka mitatu niliisikia jukwaani bila kuisikia.

Dirii za kale ziliweza kupita kutoka kwa mtu hadi mtu, pete zikiongezwa au kupunguzwa zimfae mvaaji mpya. Basi Jumamosi moja nikamwita yule dogo, ambaye ni mpana kuliko mimi. Nikafungua ubavu, nikaanza kuongeza safu. Ndipo nikamwambia kwamba siku ile pete za begani hazikuwa na tatizo lolote.

"Nilijua, kaka," akasema. "Sanduku lilikuwa wazi. Niliiona nilipoinama kuvaa viatu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa mgonjwa."

Akachukua koleo la pili, akakaa upande wangu. Wewe msomaji, ungemjibu nini?