Akili Isiyotulia

Kila alfajiri, kabla malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hayajaanza kunguruma, mimi huketi kwenye kigoda nikajaribu kutulia mbele ya Mungu. Sifiki mbali. Pumzi ya tatu haijaisha, akili iko kwenye kahawa ya Mbozi, kwenye deni la mbolea, kwenye jibu ambalo ningempa jirani jana. Naiita, inarudi; nikilegea kidogo, imekwenda tena.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba roho ya sala ni kuhudhuria kwa moyo. Mimi Mmoraviani nakubaliana naye, lakini swali linanibakia: je, moyo uliotoroka bila kutumwa una hatia? Nadhani hauna. Hatia, kama ipo, ni kugundua kwamba umetoroka, nawe ukaufuata kwa sababu safari ni tamu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu sikuamini hivyo. Mtoto aliyetazama dirishani nilimchapa. Mmoja alinijibu, "Mwalimu, sikukusudia, nilijikuta tu." Nikamwongezea fimbo mbili kwa ujeuri. Sasa ndiye anayenijia mara nyingi katika ukimya wangu, na sijaamua bado kama kumfikiria yeye ni kutangatanga au ndiyo sala yenyewe.