Je, Amtumainiye Mungu Haogopi?

Ndugu Wakristo, yako maneno tuliyoyazoea mno hata hatuyapimi tena: "Mwenye imani haogopi." Yakisemwa, anayetetemeka hujiona si Mkristo wa kweli. Na mwingine hupanda chombo kilichojaa abiria kupita kiasi, bahari imechafuka, akasema, "Mungu yupo." Inafaa tulipime jambo hili pamoja.

Kwanza, hofu si dhambi. Bwana wetu pale Gethsemane alihuzunika, akaomba kikombe kimwepuke. Hofu yake hakuificha, bali aliipeleka kwa Baba. Lakini Ibilisi alipomtaka ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, alikataa. Kujitia hatarini bure, ili Mungu aje kutuokoa, ni kumjaribu Mungu, wala si kumtumaini.

Basi tutajuaje tofauti? Tuwatazame watumishi wawili wa Kanisa letu. Mwaka 1977 Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na watu wengi walikuwa wakikamatwa na kuuawa. Mwezi wa Februari askari waliipekua nyumba yake usiku, wakitafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua kupinga maovu hayo. Tarehe 16 alikamatwa mjini Kampala, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa miongoni mwa maaskofu wale. Alipoonywa kwamba naye anatafutwa, yeye na mkewe walivuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Alirudi baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, akalitumikia Kanisa mpaka alipofariki mwaka 1988.

Yupi kati yao alimtumaini Mungu? Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini methali hiyo haitoshi hapa, maana Kivengere hakuwa mwoga. Paulo Mtume naye aliteremshwa ukutani katika kapu huko Dameski, akaokoka. Baadaye ndugu walimlilia asiende Yerusalemu, naye akaenda. Mtu ni yule yule na imani ni ile ile, ila wajibu wa saa ile ulikuwa mwingine. Wote hawa walikuwa wamekwisha kuisema kweli, wala hakuna aliyejinunulia usalama kwa uongo au kwa maisha ya mwenzake.

Wengi wetu hatutasimamishwa mbele ya mtawala. Hofu zetu ni za nyumbani na kazini. Mtunza fedha huambiwa atie sahihi hesabu anazojua si za kweli, naye anaogopa kufukuzwa kazi. Mama hujua kwamba mtoto wa jirani anateswa, naye anaogopa ugomvi. Hapo na tujiulize: Hatari hii ni kwa faida ya nani? Tukinyamaza, nani ataumia? Je, iko njia ya salama iliyo ya haki? Kama iko, tuishike bila aibu. Kapu la Dameski halikumwaibisha Mtume. Kama njia ya salama ni uongo tu, basi twende mbele, hata kama tunatetemeka.

Wala tusidhani Mungu ameahidi kwamba hatutaumia. Shadraka, Meshaki na Abednego walikiri kwamba Mungu aweza kuwaokoa. Lakini hata asipowaokoa, sanamu hawataisujudia. Wao walitoka motoni wazima, lakini Luwum hakutoka mikononi mwa wauaji wake. Kumtumaini Mungu, basi, si kuwa na hakika ya jinsi mambo yatakavyokwisha. Ni kuwa na hakika ya Yule aliye pamoja nasi, mambo yakiisha vyovyote.

Bwana atujalie hekima ya kujua saa ya kukimbia na saa ya kusimama, na katika saa zote mbili atulinde tusiiache kweli.