Jua la Kaskazi, Moto wa Mina na Neno "Kadari"

Kuna neno moja ambalo sisi Waislamu wa pwani hulitumia mara nyingi kuliko tunavyolifikiri, nalo ni neno "kadari". Mtu akianguka juani katika mkusanyiko akafa, twasema ni kadari. Paa la makuti likishika moto likateketeza mtaa, twasema ni kadari. Neno lenyewe ni la haki, na asiyeliamini imani yake ina pengo. Lakini yafaa kuuliza: tunalisema ili kumfariji aliyefiwa, au tunalisema ili asiulizwe mtu?

Tarehe 2 Julai 1990, katika siku za Hija, mahujaji 1,426 walikufa katika njia iliyochimbwa chini ya mlima kutoka Makka kuelekea Mina. Joto lilikuwa kali, watu walisongamana, na hewa ndani ya njia ile haikutosha. Mfalme Fahd wa Saudi Arabia alinukuliwa akisema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu yaliyo juu ya kila kitu, na kwamba lau watu wale wasingalikufa pale, wangalikufa mahali pengine kwa saa ile ile waliyoandikiwa. Kwa upande wa itikadi hapana Mwislamu awezaye kuyakanusha maneno hayo. Ila aliyeulizwa habari za njia ya kupita watu, akajibu kwa habari za ajali iliyoandikwa, amejibu swali jingine.

Miaka saba baadaye, tarehe 15 Aprili 1997, moto ulizuka Mina. Mahema yalikuwa ya nguo, mahujaji wakipika ndani yake kwa majiko ya gesi, na upepo ulivuma kwa nguvu. Mahema yapatayo 70,000 yaliteketea, watu 343 wakafa, na zaidi ya 1,500 wakajeruhiwa. Safari hii mambo hayakuishia katika kauli. Mahema ya nguo yaliondolewa, yakasimamishwa ya kitambaa kisichoshika moto, na majiko ya gesi yakakatazwa. Tangu hapo haujaonekana Mina moto mfano wa ule.

Basi twauliza: je, kadari ilibadilika mahema yalipobadilishwa? Hasha! Kitambaa kisichoungua nacho ni katika alivyovikadiria Mwenyezi Mungu, na akili ya aliyekibuni ni katika kadari yake vile vile. Jambo hili Sayyidna Umar r.a. alilimaliza zamani, katika mwaka wa 18 wa Hijria, alipokuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni huko mbele, akafanya shauri na watu wake, kisha akaamua kurejea. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaitoka kadari ya Mungu akiingia katika kadari nyingine ya huyo huyo Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu: akichunga huku au akichunga kule, kote ni kwa kadari. Lakini mchungaji aliyewapeleka ngamia upande mkavu huku akiuona ule wenye majani, hapana mwenye mali atakayeupokea udhuru wake.

Hayo ni ya itikadi. Sasa na tuje katika hukumu, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Maulamaa wa fiqihi walijadili habari ya mtu aliyewasha moto katika ardhi yake mwenyewe, ukaruka ukaunguza shamba la jirani. Je, atalipa? Madhehebu yetu ya Shafi hayakujibu ndiyo wala la mpaka kwanza yaulize habari ya upepo. Akiwa amewasha kwa kadiri ya kawaida, hali ya hewa ni shwari, kisha upepo ukazuka baadaye, hana dhamana. Akiwa amewasha na upepo tayari unavuma, au amewasha moto mkubwa kuliko ilivyo desturi, basi dhamana iko juu yake, ijapokuwa ardhi ni yake na kibiriti ni chake. Tazama uzuri wa fikira hii. Upepo hakuuleta yeye, upepo ni wa Mungu. Lakini aliujua, na kule kuujua ndiko kunakomfunga.

Nasi hapa Magogoni na pande zote za Kisauni twaujua upepo wetu. Kaskazi huanza kuvuma mwezi wa Desemba, na kufikia Februari na Machi, kabla ya masika, nchi imekauka, majani ya viwanjani yamekuwa rangi ya kamba, na joto la mchana huzunguka daraja 32 au 33. Huo ndio wakati watu wanaochagua kuchoma taka nyuma ya nyumba na kusafisha mashamba kwa moto. Mtu huwasha, akaingia ndani kunywa chai. Watu wa Faza, katika kisiwa cha Pate, hawahitaji kufundishwa yatokanayo na moto: mwaka 2009 mamia ya nyumba ziliungua, na familia zilizolala chini ya paa zao usiku uliotangulia zikabaki hazina pa kulala. Tena Mtume wetu s.a.w. alituamrisha kuzizima taa tunapokwenda kulala, akatuonya kwamba moto ni adui yetu. Ikiwa taa ya chumbani ina amri yake, jaa la taka lililoachwa likiwaka katika kaskazi litakosaje kuwa na yake?

Kanuni hiyo ya upepo ni ndogo kwa maneno, ila hufika mbali. Wataalamu waliofuatilia hali ya Makka kwa miongo mingi walikuta joto lake likipanda kwa takriban daraja 0.4 katika kila miaka 10. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote tangu dunia ilipoanza kupimwa, na mwezi wa Machi wa mwaka huo Sudan Kusini ilifunga skuli zake kwa kuhofia joto la daraja 45. Sababu yake kubwa yajulikana: ni moshi wa makaa, mafuta na gesi yanayochomwa, na waliochoma zaidi ni mataifa tajiri. Walipokuwa wakianza hawakujua, na kwa hilo wana udhuru. Hali ilikuwa shwari. Lakini kwa miaka mingi sasa wameujua upepo, na bado wanaongeza kuni.

Mataifa yalipokutana Paris mwaka 2015 kuandika mapatano juu ya jambo hili, waliweka fungu zima la habari za hasara zinazowapata wanyonge. Kisha katika uamuzi ulioambatana na mapatano hayo wakaandika kwamba fungu lile lisiwe msingi wa dhamana wala fidia. Hasara waliikiri, dhamana wakaikataa! Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh walikubaliana kuunda mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na hasara, na mwaka 2023 huko Dubai wakaanza kutia fedha. Ni jambo jema, ila fedha zile hutolewa kwa jina la msaada, si kwa jina la deni. Na mwenye kutoa msaada hutoa atakacho, siku atakayo.

Tutawalaumu kwa hilo, na ni haki yetu kuwalaumu. Wala tusiwasahau ndugu zetu wa nchi za Kiislamu ambao utajiri wao watoka katika mafuta hayo hayo. Lakini tuwe waadilifu. Wao wameikimbia dhamana kwa maneno ya wanasheria, na sisi huikimbia kwa neno "kadari". Tofauti ni kwamba sisi tumemtia Mwenyezi Mungu katika udhuru wetu, na hilo ni zito zaidi.

Mwenye kutaka kuona uzito wake na aiangalie Hija ya mwaka 2024. Mwezi wa Juni joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika daraja 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, ikasema kwamba 83 katika kila 100 ya waliokufa hawakuwa na idhini ya kuhiji, na kwamba walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Misri ikazifuta leseni za kampuni 16 za safari, na Tunisia ikamwachisha kazi waziri wake wa mambo ya dini. Watu wakagawanyika. Wako waliosema: wamejiua wenyewe, kwani Hija ni juu ya mwenye uwezo, nao hawakuwa na uwezo. Wako waliosema: wamekufa wakimwitikia Mola wao, basi tusiulize kitu.

Sisi hatukubaliani na kundi lolote katika hayo mawili. Mzee aliyeweka akiba miaka 30, akauziwa viza ya matembezi na mtu aliyemwapia kwamba yatosha, yeye hakuuona upepo. Aliyeuona ni yule muuzaji, aliyejua kwamba mzee huyu hatapata hema lenye ubaridi, wala gari la kumchukua Arafat, akapokea fedha zake akamwombea safari njema. Idhini yenyewe si jambo baya, maana pasipo kuhesabu watu hapana kivuli kitakachowatosha. Lakini aliyeanguka njiani hupewa maji kwanza, na cheti chake huulizwa baadaye. Na mlango wa halali ukipandishwa bei mpaka watu wa kati wasiufikie, walioupandisha bei wasishangae kuona watu wamepitia uani. Na tufahamu jambo moja la kutia moyo: wataalamu wale wale waliopima joto la Makka walikuta kwamba, ingawa joto limezidi, waliokuwa wakipigwa na jua walipungua kwa takriban robo tatu katika miaka 40, kwa sababu ya vivuli, maji, mahema yenye ubaridi na matibabu. Kwa hiyo jua la 2024 liliwachagua wale ambao mambo hayo hayakuwafikia.

Hija sasa yaondoka katika kiangazi cha Bara Arabu. Kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11, Hija itarudi nyuma katika majira ya baridi, wala haitarejea katika kilele cha joto mpaka kukaribia mwaka 2050. Wao wamepata nafasi ya kupumua. Sisi hesabu hiyo hiyo yatupeleka kinyume. Idi ya Mfunguo Mosi, ambayo mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, yatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi mwaka 2027, na mwanzoni mwa Februari mwaka 2030. Yaani kwa miaka kadhaa Ramadhani na Idi zitakuwa ndani ya kaskazi kavu, na sisi tutakusanyika kwa maelfu viwanjani, wazee, wajawazito na watoto, baada ya mwezi mzima wa saumu. (Habari ya Maulidi hatuigusi hapa, miaka hii yamo katika kusi, na mjadala wake una joto lake lenyewe.)

Husemwa kwamba taabu huzidisha thawabu. Taabu isiyoepukika, naam. Lakini Mtume s.a.w. alipokuwa akihutubia alimwona mtu amesimama juani, akauliza habari zake. Akaambiwa ni Abu Israil, ameweka nadhiri ya kusimama asikae, asiingie kivulini, asiseme, na afunge. Akaamrisha aseme, aingie kivulini, akae, na aitimize saumu yake. Ile ibada ikabaki, lile jua likaondolewa. Na Mtume huyo huyo alituamrisha joto likizidi tuicheleweshe Adhuhuri mpaka lipoe, na maulamaa wa Shafi wakaeleza kuwa ni mpaka kuta ziwe na kivuli cha kumtosha mwenye kwenda msikitini kutembelea. Watu waliopima ibada kwa kivuli cha ukuta hawakuwa wavivu wa dini.

Mwaka 2024 wakuu wa Falme za Kiarabu waliamuru hotuba ya Ijumaa isizidi dakika 10 katika miezi ya joto, na misikiti ikaendelea kujaa. Kwetu iko mikusanyiko ambapo sala ya Idi husubirishwa mpaka saa tatu kwa kumngoja mgeni wa heshima, ambaye amekuja katika gari lenye ubaridi na atasimama chini ya turubai. Kisha hotuba huwa ndefu, na baada ya hotuba salamu za wakubwa, na baada ya salamu mchango. Akianguka bibi kizee katika safu za nyuma, ni nani aliyeujua upepo?

Wakati wa sala ya Idi huanza jua likishachomoza na kupanda kidogo, na mwezi wa Machi hapa kwetu yawezekana kusali kabla ya saa moja na nusu. Imamu Shafi aliona kwamba msikiti ukiwatosha watu, kusali ndani yake ndiko bora. Hotuba ya Idi ni sunna, na aliyekwisha kusali akaondoka hakuharibu sala yake. Basi wasiokuwa na nguvu na waambiwe hivyo waziwazi kwa kipaza sauti, kabla khatibu hajapanda mimbari, na mapipa ya maji yawekwe upande wa wanawake kwanza, ambao mara nyingi ndio waliopangwa mahali pasipo na mti.